Heshima ya Bati

Fundi wa paa hapimwi akiwa juu ya kenchi. Simama chini, utazame ukingo, pale bati linapoishia. Hapo ndipo mahali pa kufichia aibu. Mafundi wengi hupigilia fishabodi pana mbele ya ncha za kenchi, wakaipaka rangi mbili tatu, na yote yaliyopinda nyuma yake yakasahaulika. Katika nyumba za Glenn Murcutt, msanifu majengo wa Australia, fishabodi huioni. Bati linatoka nje ya ukuta na kubaki peke yake, jembamba kama karatasi, na mbao au vyuma vinavyolibeba vimepunguzwa unene kadiri vinavyokaribia mwisho. Ukingo unakaa kama unyoya. Kosa la nusu inchi lingeonekana toka barabarani, na fundi anajua kwamba lingeonekana.

Mimi nimekulia chini ya bati. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua bati kama tunavyomjua jirani wa ukuta mmoja: tunajua kelele zake za masika, joto lake la saa nane mchana, na namna linavyolia usiku likipoa. Tunalijua pia kama ngazi ya maisha. Aliyetoka kwenye makuti au nyasi akaezeka bati amepanda. Akizipata fedha zaidi hulikimbia bati tupu na kutafuta vigae, au bati la rangi lililopigwa mashineni lifanane na vigae. Ndiyo maana nilishtuka, mara ya kwanza nilipofungua kitabu cha picha, kuona nyumba inayosifiwa dunia nzima ikiwa imeezekwa bati tupu la migongo, la rangi ya fedha, lisilojifanya kitu kingine.

Bati lenyewe si la kwetu wala si la Australia. Lilianzia London, ambako mhandisi Henry Robinson Palmer alilipatia hataza mwaka 1829. Siri yake ni mikunjo: chuma chembamba kikiwa bapa hujipinda kwa uzito wake mwenyewe, lakini kikitiwa migongo hujibeba na kubeba mvua na mtu anayekitembelea. Dhahabu ilipogunduliwa Australia miaka ya 1850, mabati yalivuka bahari kwa shehena, maana yalipangika vizuri melini na hata asiye fundi aliweza kuyaezeka. Yakafunika mabanda ya kukatia kondoo manyoya, vituo vya reli na vibanda vya wachimbaji. Yakakunjwa yakawa matangi ya maji. Wasanifu wa mjini waliyaacha hukohuko mashambani. Murcutt aliyakuta yakimsubiri.

Alizaliwa London mwaka 1936, wazazi wake Waaustralia wakiwa safarini, lakini utoto wake wa kwanza aliupitisha Morobe, Papua Guinea Mpya, ambako baba yake, Arthur Murcutt, alikuwa akitafuta dhahabu. Waliishi katika nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, paa lake la bati. Vita vya Pili vya Dunia vilipolikaribia eneo hilo, mwaka 1941, familia ikahamia Sydney.

Wanaoandika juu ya Murcutt hupenda kuanza na majina makubwa ya Ulaya na Marekani. Mimi naona mwalimu wake mkubwa kuliko wote ni huyo baba. Arthur Murcutt alikuwa seremala na mjenzi, msomaji wa mwandishi Henry David Thoreau, mtu aliyeagiza majarida ya usanifu kutoka Marekani wakati majirani zake huenda hawakujua kama yapo. Mtoto alishika randa na kujifunza kuunga mbao katika karakana ya nyumbani muda mrefu kabla hajakanyaga chuo. Jioni aliwekewa jarida mbele yake, lenye nyumba ya msanifu Mies van der Rohe au ya mwingine, asome, kisha aulizwe alichoelewa. Na kuna usia wa baba ambao Murcutt ameurudia mara nyingi mbele ya wanafunzi: kwa kuwa wengi wetu tutafanya mambo ya kawaida maisha yetu yote, basi kazi yetu ni kuyafanya hayo ya kawaida kwa ubora usio wa kawaida, tena bila kuhangaikia kujulikana. Kwa mtu aliyekuja kuchagua bati kuwa kitambaa chake, usia huo haukuanguka njiani.

Chuo alisoma Sydney, akahitimu mwaka 1961, akaenda Ulaya miaka miwili hivi, akarudi kufanya kazi katika ofisi ya msanifu Sydney Ancher na wenzake, na mwaka 1969 akafungua ofisi yake mwenyewe. Hapa pana jambo la kutazama. Nyumba zake za mwanzo ni za mwanafunzi mtiifu wa Mies: bapa, nyoofu, za kioo na chuma. Mojawapo, ya Terrey Hills pembezoni mwa Sydney, ilimpatia tuzo, na fedha za tuzo zikamwezesha kuzunguka dunia mwaka 1973. Angeweza kukaa hapo akawa fundi mzuri wa kazi ya mtu mwingine. Wangapi wameridhika na kiasi hicho?

Nyumba aliyoijua tangu utotoni kwa picha ni ile ya Farnsworth, ambayo Mies aliikamilisha mwaka 1951 kando ya mto Fox, jimboni Illinois. Ni sanduku la kioo lililoinuliwa juu ya nguzo nyeupe, zuri kiasi cha kumfanya mtu anyamaze. Pia ni tanuri wakati wa kiangazi, mbu waliisumbua, na mto umeingia ndani yake zaidi ya mara moja. Murcutt alichukua kwake mwinuko, wembamba wa mistari na utaratibu wa nguzo. Alichokataa ni kule kufungia watu ndani ya kioo kana kwamba hali ya hewa ni adui wa kuzuiwa mlangoni. Kukataa huko kulipata ushahidi Paris, katika safari ile ya 1973, alipoingia Maison de Verre, nyumba iliyosanifiwa na Pierre Chareau kwa ajili ya daktari na kukamilika mwaka 1932. Mle kila kipande kina kazi na kinafanya kazi: skrini zinazunguka, kabati zinageuka, madirisha yanafunguka kwa mikono ya gurudumu kama ya mashine. Murcutt alitoka mle akijua kwamba usasa hauna kanuni moja ya kufuatwa, na kwamba unaweza kubaki wazi kwa jibu lolote ambalo mahali panalitaka. Ukiweka hapo na heshima ya Alvar Aalto wa Finland kwa mbao na mwanga, karibu umeshapata ukoo wake wote. Aliporudi nyumbani akageuka kutazama banda la manyoya ya kondoo.

Mwaka 1975 ikakamilika nyumba ya Marie Short karibu na Kempsey, kaskazini mwa jimbo la New South Wales, na hapo ndipo Murcutt anapoanza kuwa Murcutt. Mwenye nyumba alikuwa na mbao zake alizoziweka akiba, na alikuwa na sharti: nyumba iweze kufunguliwa na kuhamishwa. Msanifu akaitikia kama seremala. Fremu ya mbao imeungwa kwa namna inayokubali kufunguliwa. Sakafu imeinuliwa juu ya nguzo fupi, maana tambarare ile ya mto Macleay hufurika. Nyumba ni mabanda mawili marefu yaliyolala sambamba, moja la kuishi na moja la kulala, yakiwa yamepishana kidogo, na kati yake pana ujia.

Sasa itazame kwa jicho la fundi. Katika nyumba za kwetu, paa la migongo miwili hukutana juu kwa pembe, na juu ya pembe huvishwa kofia. Kempsey bati limekunjwa likapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kwa mviringo, na hewa ya moto inayopanda imeachiwa njia ya kutokea juu kabisa. Kuta hazifungi, zinachuja: pana wavu wa wadudu, vibao vya luva, vioo vya luva, na mkaaji huvipanga anavyotaka kama mtu anavyojifunga na kujifungua kanga kulingana na baridi. Na paa lina vioo vya kuingiza mwanga vilivyofunikwa vibao vilivyolazwa kwa pembe moja maalumu, ambavyo jua la kiangazi likija vinalifungia, na jua la majira ya baridi likija linateleza katikati yake na kuingia. Hakuna swichi wala mota. Hesabu ilishafanywa mezani.

Hesabu hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Huko kusini mwa dunia jua hukaa upande wa kaskazini. Jijini Sydney, mwishoni mwa Desemba, jua la adhuhuri husimama karibu nyuzi 80 juu ya upeo. Mwishoni mwa Juni hushuka hadi nyuzi 33 hivi. Chora mistari hiyo miwili juu ya karatasi, weka upenu wa paa mahali pake, nawe utaona kwamba kuna urefu mmoja wa upenu unaolizuia jua la Desemba lisiguse kioo na wakati huohuo kuliachia la Juni lifike hadi ukuta wa nyuma. Ukizidisha, utakaa gizani wakati wa baridi; ukipunguza, utaungua. Michoro ya Murcutt ya nyumba iliyokatwa ubavu ina mistari hiyo, jua la kiangazi na jua la baridi, pamoja na mishale ya upepo. Kwake mistari hiyo ina cheo kilekile cha ukuta.

Mfano wake ulio safi kuliko yote ni nyumba ya Magney, iliyokamilika mwaka 1984 huko Bingie, pwani ya kusini ya New South Wales, mahali pasipo na miti, penye upepo mkali wa bahari. Wenyewe walikuwa wamezoea kupiga hema pale, wakataka nyumba isiyowaondolea hisia ya hema. Wakapewa nyumba ndefu, nyembamba, ya chumba kimoja kwa kina. Upande wa kusini, utokako upepo wa baridi, umefungwa kwa ukuta wa matofali, na jiko na bafu zimepangwa kando ya ukuta huo. Upande wa kaskazini wote ni kioo. Juu yake paa limekunjwa kama mbawa za ndege anayeanza kuruka: bawa refu linainuka kaskazini kulifuata jua, fupi linainuka kusini, na katikati ni bonde. Bonde hilo ni gata. Mvua yote inaanguka humo, inakimbilia kwenye mabomba manene na kushuka hadi kwenye matangi yaliyozikwa ardhini. Watu huitazama picha ya paa lile wakaona umbo la ndege. Ukiuliza lilikotoka utaambiwa habari za maji ya kunywa.

Kutoka hapo nataka kuruka hadi kaskazini ya mbali, kwa sababu kuna nyumba ambayo ingetuhusu sisi kuliko zote. Yirrkala ni kijiji cha Wayolngu, wenyeji wa Arnhem Land ya mashariki, katika Eneo la Kaskazini la Australia. Kipo kama nyuzi 12 kusini mwa ikweta, mstari uleule wa kisiwa cha Nzuani katika Komoro. Upepo wake ni ndugu wa upepo wetu: miezi ya ukavu huvuma wa kusini-mashariki, tena kwa mfululizo kama wa kusi, na mwaka unapogeuka huja wa kaskazini-magharibi, wenye mvua nzito na tufani, kama kaskazi inavyowafikia Wangazija. Desemba jua hupita upande wa kusini wa nyumba na Juni upande wa kaskazini, kwa hiyo hesabu ya Sydney haisaidii. Kivuli kinatakiwa pande zote mbili.

Murcutt alipewa kazi na msanii Banduk Marika na mwenzake Mark Alderton, na nyumba ikakamilika mwaka 1994. Kabla yake, Wayolngu wengi walikuwa wamejengewa nyumba za matofali ya saruji zenye madirisha madogo, nyumba za nchi ya baridi zilizopotea njia. Hii haina kioo hata kimoja. Kuta ni paneli za plaiwudi na vibao, nazo huinuliwa kutoka chini, kama mwenye kioski cha mtaani anavyoinua dirisha lake asubuhi na kulitegemeza kwa kijiti, zikageuka papo hapo kuwa upenu. Fremu ni ya chuma, ya kustahimili tufani. Sakafu imeinuliwa, hewa ipite chini yake. Juu ya paa yamepangwa mabomba ya kutolea hewa, yanayopunguza joto siku za kawaida na kupunguza shinikizo la upepo siku ya tufani, kwa sababu tufani huling'oa paa kwa kulisukuma kutoka ndani kama inavyolivuta kutoka nje. Ubavuni zimetokeza mbavu za plaiwudi, wima, zinazokinga vitanda dhidi ya jua la pembeni na dhidi ya macho ya wapitao. Wayolngu wanathamini kumwona anayekuja, na upeo, na hali ya anga, bila wao wenyewe kuanikwa. Nyumba nzima inampa mkaaji nafasi hiyo. Vipande vyake vilitengenezwa karibu na Sydney, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka pale, vikasafirishwa na kuunganishwa mahali pake.

Naitazama nyumba hiyo na kuuliza kwa nini Mtwara, Lindi na Moroni bado tunajenga vijisanduku vya tofali vyenye madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo nusu yake haifunguki kamwe, kisha tunanunua kiyoyozi. Bati tunalo, plaiwudi tunayo, bolti na nati zinapatikana kila mtaa. Upepo tumeupa majina tangu enzi za majahazi.

Yapo mengine ya kusimulia, nami nitayapita haraka: kituo cha elimu cha Arthur na Yvonne Boyd huko Riversdale, cha mwaka 1999, alichokisanifu pamoja na mkewe Wendy Lewin na Reg Lark, na nyumba ya Ball-Eastaway iliyosimama kwa nguzo za chuma juu ya mwamba bila kuuchimba. Lakini msikiti wa Newport, Melbourne, siwezi kuuruka. Aliusanifu pamoja na Hakan Elevli kwa ajili ya Waislamu wa mtaa ule. Hauna kuba, hauna mnara wa kawaida, na ukuta wake wa mbele ni wa kioo ili mpita njia aone watu wakiswali badala ya kujiuliza wanafanya nini mle ndani. Juu ya paa vimepangwa vidirisha 96 vya kuingizia mwanga wa jua, vilivyopakwa rangi ya dhahabu kwa nje, kila kundi likielekea upande wake wa dunia na kioo chake chenye rangi yake, hivyo mwanga unaoangukia safu za waumini hubadilika rangi kadiri siku inavyokwenda. Baadhi ya waumini walisita mwanzoni: msikiti gani hauna mnara? Mswahili wa mwambao angeweza kuwajibu. Misikiti yetu mingi ya kale haikuwa na minara, na hakuna aliyewahi kuipita akidhani ni ghala.

Kuhusu namna anavyofanya kazi, hadithi ni fupi na ya ajabu. Kwa muda mrefu amefanya kazi peke yake, bila wafanyakazi, bila kompyuta, kwa penseli na karatasi. Wateja wamemsubiri kwa miaka. Amekataa kujenga nje ya Australia, kwa hoja kwamba nchi nyingine haijui vya kutosha, na hoja hiyo imemnyima kazi ambazo wenzake wangezipigania. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Pritzker, Mwaustralia wa kwanza kuipata, katika hafla iliyofanyika Roma, kwenye uwanja wa Campidoglio uliosanifiwa na Michelangelo. Mtu wa mabati mbele ya Michelangelo. Nadhani mzee Arthur angecheka kwa furaha, kisha angemwambia mwanawe arudi mezani.

Wapo wanaomkosoa, na ukosoaji wao una uzito. Kazi zake nyingi ni nyumba za watu wenye ekari zao mashambani, na mji wenye watu milioni tano hauwezi kujengwa kwa mabanda marefu yanayotazama upeo. Tena mtu mmoja na penseli yake hawezi kuijibu foleni ya wasio na makazi. Nakubali. Ila sijaona hoja hiyo ikimgusa kama fundi. Kujua jua linasimama wapi Juni hakuhitaji ekari, na upenu wa urefu sahihi haugharimu zaidi ya upenu wa urefu wa kubahatisha. Wapo waliojifunza kwake wanaoijua tofauti hiyo. Kuanzia mwaka 2001 aliwafundisha wasanifu kutoka nchi nyingi katika darasa la kila mwaka kule Riversdale, nao walianza kwa kutembea juu ya kiwanja.

Michoro yake ya penseli ameikabidhi Maktaba ya Jimbo la New South Wales, Sydney, na anayetaka kuona mistari ya jua ilivyochorwa kwa mkono anajua pa kwenda. Na ile nyumba ya Kempsey, iliyoungwa ili ifunguliwe na kuhamishwa, haijahamishwa. Mwaka 1980 Marie Short aliiuza. Aliyeinunua ni Murcutt, akayarefusha mabanda yake kwa mtindo uleule.